Kuchagua jaketi la kupigia mbizi linalokukaa, ukiwa Arusha au Moshi

Anayeishi Arusha au Moshi na kupenda kupiga mbizi ana shida ambayo mtu wa Nungwi hana: ananunua vifaa akiwa mbali na maji. Tanga, bahari yetu ya karibu, iko zaidi ya kilomita 400 kwa barabara kutoka Arusha. Unguja, Pemba na Mafia ni safari ya ndege, au basi na boti. Kwa hiyo tunanunua kwa kuangalia picha kwenye simu, kwa kumwagiza ndugu anayerudi kutoka nje, au kwa mgeni anayehama na kuuza vitu vyake. Miwani ikikukataa utaazima nyingine kwenye kituo cha kupigia mbizi. Jaketi la kuelea, lile ambalo wapiga mbizi wote wanaliita BCD, ni gharama kubwa zaidi na litakuwa mwilini mwako kuanzia kwenye boti hadi unaporudi kwenye boti.

Watu wengi hulichagua kwa sponji na mifuko. Mimi nasema raha ya jaketi iko kwenye urefu wa mgongo wako, na kwenye namna linavyokaa likiwa limejaa hewa na mtungi wa hewa ya kupumua umefungwa nyuma. Likiwa tupu, sebuleni, karibu kila jaketi linapendeza.

Anza kwa kujua kazi yake

Jaketi lina kibofu cha hewa. Unakijaza kutoka kwenye mtungi kwa kubonyeza kitufe cha inflata, ile bomba inayoning'inia bega la kushoto, na unakipunguza kwa vali. Juu ya maji linakushika uelee ukisubiri boti. Chini ya maji unaongeza au kutoa hewa kidogo kidogo ili usizame wala usipande.

Kwa nini uongeze? Kwa sababu ukifika mita 10 shinikizo limekuwa mara mbili ya lile la juu, na hewa yote iliyonaswa, hata ile ya vipovu ndani ya wetsuti (lile vazi la mpira la kupigia mbizi), imebanwa na kupungua. Ukipanda inatanuka tena. Ndiyo maana kutoa hewa haraka ni muhimu kuliko kuingiza haraka, na ndiyo maana nitarudia habari ya vali.

Jambo moja liwekwe wazi mapema: hili siyo laifu jaketi. Laifu jaketi imetengenezwa imgeuze mtu aliyezimia uso uangalie juu. BCD haitoi ahadi hiyo.

Chagua aina

Ziko za aina nyingi madukani lakini kwa mpiga mbizi wa starehe zinabaki tatu.

La kwanza ni jaketi la kawaida, ambalo hewa yake inazunguka mbavuni hadi mgongoni. Ndilo utakalolikuta kwenye vituo vingi na ndilo wengi tulijifunzia. Juu ya maji linakusimamisha wima, kichwa nje, bila jitihada. Ubaya wake ni kwamba likijaa kabisa linabana mbavu. Mtu aliyetoka kupambana na mkondo, anahema, kisha jaketi likambana kifua, hofu inampanda haraka sana.

La pili ni lenye kibofu nyuma tu. Kifua kinabaki huru, na chini ya maji unalala sawasawa kama inavyotakiwa, mapezi yakiwa nyuma na siyo chini yakichafua mchanga na kuvunja matumbawe. Lawama yake kubwa ni kwamba juu ya maji linakusukuma uso mbele. Lawama hiyo ni ya kweli ila inakuzwa. Mara nyingi mtu amejaza hewa kupita kiasi, na risasi zote, vile vipande vizito vya kumsaidia kuzama, ameziweka mbele. Weka chache kwenye mifuko ya nyuma karibu na mtungi, jaza hewa ya kukutoa kidevu nje tu, uegemee nyuma kidogo, na kero hiyo inapungua sana.

La tatu ni bamba la mgongoni, la chuma au alumini, lenye mikanda na bawa, yaani kibofu cha hewa, nyuma yake. Halina sponji na mara nyingi halina mifuko. Ukiliona unadhani litakuumiza, lakini mikanda yake inakatwa na kupimwa kwa mwili wako mwenyewe, na ndani ya maji halichezi. Kama una umbo ambalo saizi za dukani huwa hazikupati, mrefu mwembamba au mfupi mpana, hili ndilo ningekushauri. Kasoro yake kwa sisi wa huku bara ni uzito wa bamba la chuma kwenye begi la safari. Chukua la alumini.

Usinunue uwezo usiouhitaji

Kila jaketi lina kiwango cha uzito linachoweza kuinua majini. Mtu akiona 20 na 12 anachukua 20, akidhani ni usalama zaidi. Hebu tupige hesabu. Hewa ya mtungi wa lita 11 uliojazwa hadi shinikizo la bar 200 ina uzito wa kilo 2.6 hivi, huo ndio uzito unaoanza nao na kuupunguza kadiri unavyopumua. Wetsuti ya milimita 3, inayotosha kwa maji yetu ya Bahari ya Hindi, ikibanwa chini inakunyima kilo mbili hivi za kuelea. Jumla haifiki hata kilo 5. Ongeza akiba ya kukuweka kichwa nje ya maji mtungi ukiwa umejaa, na jaketi la kilo 10 hadi 14 linamtosha mtu wa kawaida aliyepima risasi zake vizuri. Kibofu kikubwa kuliko hapo kinapepea pembeni, kinakukokota, na hewa inajificha kwenye kona zake wakati unataka kuitoa.

Pima mgongo

Hapa mtu wa Moshi ana nafuu, kwa sababu mji umejaa watu wanaojua kuvaa shanta. Mpagazi wa Kilimanjaro hatakuuliza una kilo ngapi. Ataangalia mgongo wako, kutoka kwenye ule mfupa unaojitokeza shingoni ukiinama hadi usawa wa mifupa ya nyonga. Pima hapo hapo kwa futi ya fundi cherehani, uandike. Halafu pima kifua na kiuno ukiwa umevaa wetsuti yako au fulana utakayozamia. Chati za watengenezaji zinaanza na kifua, urefu na kilo, nazo zinatofautiana kampuni moja hadi nyingine: M ya huyu ni L ya yule. Muulize muuzaji urefu wa jaketi lenyewe, kutoka juu ya bega hadi ukingo wa chini, kisha linganisha na mgongo wako.

Ila shanta na jaketi zinaachana mara unapoingia majini. Mlimani mzigo unakaa nyonga. Majini mzigo haupo tena, na jaketi linataka kupanda juu kukufuata masikioni. Kwa hiyo usichukue kubwa "ili nisibanwe". Jaketi kubwa linapanda, mtungi unalala upande mmoja, wewe unapiga mapezi kujinyoosha, na hewa inaisha mapema.

Kwa dada zetu, tafuteni mikanda ya mabega iliyopinda kupita pembeni ya matiti badala ya kuyakata katikati, na mkanda wa kifua unaoweza kusogezwa juu na chini. Majaketi yaliyoshonwa kwa wanawake huwa pia mafupi mgongoni. Mwanamume mfupi asione haya kuyajaribu.

Lijaribu nyumbani, likiwa limejaa

Kama huna mtungi, chukua mkeka wa kulalia kambini, uviringishe hadi upate kipenyo cha sentimita 18 hivi, ufunge kamba, kisha uukaze kwenye mkanda wa mtungi. Hautakupa uzito wa mtungi halisi, ambao ukijaa unafika kilo 16 au 17, lakini utalipa jaketi umbo lake.

Legeza mikanda yote kabla ya kuvaa. Funga wa tumboni kwanza, kisha vuta wa mabega, wa kifua uwe wa mwisho. Mikanda ikikaza vizuri inatakiwa ibaki na nafasi ya kukazwa zaidi na ya kulegezwa zaidi. Kama umevuta hadi mwisho na bado jaketi linacheza, saizi siyo yako.

Sasa jaza hewa kwa mdomo kupitia inflata: bonyeza kitufe cha kupulizia, puliza, achia, vuta pumzi nje ya bomba, rudia. Usivute hewa iliyo ndani ya kibofu, hasa kama jaketi limetumika, maana ukungu na vijidudu hukaa humo na mapafu yako hayavihitaji. Endelea hadi vali ya usalama ipige "psss".

Likiwa limejaa hivyo, vuta pumzi ndefu mara kadhaa. Kifua kipanuke hadi mwisho. Kama kinagota njiani, jaketi hilo litakugombanisha na bahari.

Mwombe mtu asimame nyuma yako, ashike kishikio cha juu, alinyanyue. Likipanda kidogo, sawa. Likifika masikioni, ni refu au ni pana. Kisha nyanyua mikono juu, ivushe kifuani, ifikishe mgongoni. Angalia kama ukingo unakukata kwapani. Keti kwenye kigoda kama unavyokaa kwenye ubavu wa boti: ukingo wa chini ukichimba mapaja, mgongo wako ni mfupi kwa jaketi hilo.

Halafu fumba macho, utafute vali. Zinapaswa kuwa zaidi ya moja: kuna kitufe cha kutolea hewa kwenye inflata, mara nyingi kuna kamba begani kulia, na nyingine nyuma karibu na kiuno. Hii ya nyuma ndiyo inayokuokoa ukiwa umelala au kichwa kiko chini, kwa sababu hewa imekimbilia huko. Kamba yake ishikike bila kupapasa. Kama imezama chini ya mfuko au ni fupi mno kwa mkono wako, achana na jaketi hilo hata kama linakaa mwilini kama umelishonewa.

Risasi: mfukoni au kiunoni

Majaketi mengi siku hizi yana mifuko ya risasi inayochomoka kwa mvuto mmoja. Ni raha, hakuna mkanda unaobana nyonga. Ila jaribu kuichomoa kwa mkono mmoja na kuirudisha, na usikie klipu ikilia. Mfuko unaodondoka wenyewe mita 15 chini utakurusha juu. Ulizia pia vipande vya risasi vya kituo unachozamia vina ukubwa gani. Viwili vikubwa vya mkanda wakati mwingine haviingii kwenye mfuko mwembamba. Na ukimaliza, kwenye boti ndogo, mpe nahodha risasi kwanza kabla ya jaketi, maana jaketi zima na mtungi na risasi linamvunja mgongo.

La mtumba

Memorial pale Moshi au Kilombero Arusha, katikati ya shanta na makoti ya baridi, jaketi la kupigia mbizi likijitokeza muuzaji atakuita: "Mkuu, laifu jaketi hii, mali ya Ulaya, jaribu tu." Jaribu, lakini usilipe hapo hapo. Mwombe akuache ulichunguze, au mkubaliane ulirudishe kesho.

Litikise kwanza karibu na sikio. Ukisikia vitu vinachakarika ndani, ni chumvi iliyoganda au mchanga, na chumvi inakata kibofu polepole. Bonyeza kila kitufe cha inflata mara nyingi. Kirudi chenyewe, upesi, bila kugandaganda. Angalia kuzunguka kitufe kama kuna unga mweupe au kijani. Kitufe cha kujazia kikinasa chini ya maji, hewa inaendelea kuingia bila ruhusa yako na unapanda kwa kasi, jambo ambalo linaweza kuumiza mapafu. Hata kama kinaonekana kizima, inflata ya mtumba ipelekwe kwa fundi wa vifaa vya kupigia mbizi kabla ya kuingia nayo majini.

Kisha lijaze hadi vali ilie, liache usiku kucha ndani ya nyumba. Asubuhi linatakiwa bado liwe gumu. Likilegea kidogo tu usishtuke, usiku wa huku kuna baridi na hewa baridi hujikunja, likinywea, linavuja. Lizamishe kwenye beseni kubwa kipande kwa kipande ufuate mapovu. Uvujaji kwenye vali mara nyingi ni kipira tu, kinabadilishwa. Uvujaji kwenye mshono wa kibofu ndio mwisho wa habari. Fundi baiskeli wa mtaani ni hodari, lakini kiraka chake kisiende mita 20 chini ya bahari. Anachoweza fundi wa mtaani ni mikanda ya pembeni na zipu za mifuko. Kibofu, vali na mikanda inayobeba mzigo asiiguse.

Mwisho, ulizia kama lina mpira wake wa kuunganishia na regulata, kile kifaa cha kupumulia kutoka kwenye mtungi. Viunganishi vingi vinafanana, ila inflata zinazotumika pia kama regulata ya akiba zina kiunganishi kinene cha kwao. Ukinunua bila mpira huo utahangaika kuutafuta.

Begi la safari

Ndege ndogo za visiwani nyingi zinakupa kilo 15 za mzigo. Jaketi la kawaida linakula kilo 3 na nusu hadi 4 na nusu. La safari, lenye mgongo laini usio na plastiki ngumu, liko kilo 2 hadi 2 na nusu. Wanaokwenda kwa basi hadi Tanga hawana haja ya kulipia tofauti hiyo.

Bwawani, kisha baharini

Kama kuna mwalimu anayefundishia kwenye bwawa la hoteli, mwombe saa moja. Usiende peke yako, na usilipeleke Duluti wala Chala kama uwanja wa majaribio: ni maziwa ya kreta yenye kina, na yako zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari, ambapo kupiga mbizi kunataka mafunzo na hesabu zake.

Bwawani loweka mkanda wa mtungi kwanza, ndipo uukaze. Ule utepe ukiwa mkavu unakaza vizuri, ukilowa unalegea, na mtungi unateleza ukiwa katikati ya maji. Tazama juu: kisogo kikigonga vali ya mtungi, ushushe mtungi sentimita chache. Jambo dogo hilo ndilo linalofanya watu wengi waseme jaketi lao linawaumiza shingo.

Risasi zilizokutosha bwawani hazitakutosha Tanga. Maji ya bahari ni mazito kwa asilimia 2.5 hivi, kwa hiyo mtu ambaye yeye na vifaa vyake vyote ni kilo 100 ataongeza kilo 2.5. Kumbuka pia mtungi wa alumini wa lita 11, uliozoeleka vituoni, unazama kidogo ukiwa umejaa lakini unaelea kwa kilo 2 hivi ukikaribia kuisha. Mwisho wa mzamo ukihisi makalio yanainuka, kosa siyo la jaketi. Hamishia risasi moja kwenye mkanda wa mtungi.

Kurudi nyumbani

Moshi iko zaidi ya mita 800 juu ya bahari na Arusha karibu 1,400, na kupanda juu mapema mno baada ya mzamo ni hatari kwa mwili, kwa hiyo basi la kutoka Tanga lihesabu kama ndege. DAN, taasisi ya usalama wa wapiga mbizi, inashauri kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja usiohitaji vituo vya kupunguza shinikizo (kusimama njiani unapopanda), na saa 18 baada ya mizamo mingi au ya siku kadhaa, kabla ya kupanda juu hivyo. Anayetaka na mlima katika safari hiyo hiyo aanze na mlima.

Saa hizo za kusubiri zitumie kuosha jaketi. Ingiza maji yasiyo na chumvi ndani ya kibofu kupitia mdomo wa inflata, theluthi hivi, ongeza hewa, ligeuzegeuze, ligeuze juu chini uyatoe kwa inflata na kwa vali ya nyuma. Rudia. Bonyeza vitufe ukiwa umevizamisha kwenye ndoo. Litundike kivulini, maana jua linapausha kitambaa na kukausha mpira, na liache na hewa kidogo ndani ili kuta zisigandane. Mwezi wa Julai Arusha litachukua siku kadhaa kukauka ndani. Usilikunje begini kabla ya hapo.